Sikio Kwanza

Mtu akimpelekea fundi wa video wa Munanila kamera ndogo aikague, humwonyesha kwanza kioo. Hukifungua, hukigeuza upande huu na ule, husifu picha inavyong'aa. Fundi huitikia kwa heshima, lakini macho yake yameshaanza kutafuta vitundu vya maiki: viko mbele chini ya lenzi, au juu ya mgongo wa kamera? Atavipuliza vumbi, ataomba hedifoni, na ataanza kazi kwa masikio. Picha itasubiri zamu yake.

Nimemtazama akifanya hivyo kwa muda mrefu, na nimefika mahali pa kuamini kwamba kukagua kamera ni ufundi unaojitegemea, mbali na ule wa kuitumia. Wapo wapiga video hodari wasiojua kuchagua chombo. Hununua kwa namba zilizochapwa ubavuni, na kubwa kuliko zote ndiyo huwavuta. Fundi wetu huzisoma namba zile mwisho kabisa, akiwa tayari anajua kamera inaweza nini na haiwezi nini.

Munanila iko Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, jirani na mpaka wa Burundi. Ni nchi ya vilima, migomba, kahawa na maharage, yenye baridi inayowafanya watu wa Kigoma mjini, kule chini ziwani, wafike wakijikunyata. Sherehe hujaa kiangazi, barabara zikishakauka na kahawa ikiwa imevunwa. Kuna sendofu, harusi, kipaimara, misa za shukrani. Kuna misiba pia, maana ndugu walioko Dar es Salaam au ng'ambo, wakikosa nauli au ruhusa ya kazini, huomba wapelekewe walau video ya mazishi. Hakuna tukio hata moja kati ya hayo linaloweza kurudiwa kwa sababu kamera ilipitiwa. Bibi harusi haingii kanisani mara mbili. Kwa hiyo swali la fundi akiishika kamera ya nyumbani ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: hiki chombo, siku hiyo, kitatuangusha wapi?

Jibu, kwa uzoefu wake, mara nyingi liko kwenye sauti. Karibu kila kamera ndogo ina mtambo ndani unaopandisha na kushusha sauti wenyewe. Pakiwa kimya hupandisha, mshindo mkubwa ukija hushusha ghafla, kisha hupanda tena polepole. Kwa mzazi anayerekodi mtoto sebuleni, huo ni msaada. Kwenye sherehe za huku ni hatari. Ngoma ikilia, au spika ya mshereheshaji ikinguruma, kamera hujibana, na maneno yanayofuata hapo hapo huzama. Mzee anamuusia bwana harusi mambo aliyoyawaza miezi mizima, na kwenye video anaonekana akichezesha midomo tu.

Jaribio lake la kulipima hilo halihitaji chombo chochote cha maabara. Jirani naye yupo bibi mmoja mwenye sauti ya chini, aliyekwisha kuzoea kuitwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Imekuja nyingine?"

"Imekuja nyingine, bibi. Naomba unitajie watoto wako, wa kwanza mpaka wa mwisho. Usipandishe sauti."

Bibi hukaa kwenye kigoda, hatua chache kutoka kwenye kamera, na kuanza kuwataja kwa utaratibu, walio hai na waliotangulia. Akifika katikati, kijana wa fundi hupiga debe tupu kwa nguvu zake zote. Bibi haachi kutaja. Baadaye fundi hurudisha nyuma na kusikiliza ameinamisha kichwa, akikunja kidole kimoja kwa kila jina linalosikika. Kamera nzuri humeza jina moja. Kamera mbaya humeza matatu, na jina la nne hutoka kama linatokea chumba cha pili. Halafu fundi huingia kwenye mipangilio kutafuta kama sauti inaweza kushushwa kwa mkono na ikabaki pale ilipowekwa. Ikiwezekana, debe hupigwa tena, na bibi huanza upya na kifungua mimba.

Huwa pia anamwomba bibi amsalimie kwa Kiha. Salamu za Waha ni ndefu, na huenda pamoja na makofi mepesi ya viganja. Sauti hizo laini ndizo zinazoifichua maiki dhaifu. Kofi likitoka kama mpasuko wa kijiti kikavu, au likizama kwenye mvumo wa upepo, fundi anajua maiki hiyo imetengenezwa kwa ajili ya sebule iliyofungwa madirisha, na kwenye vilima hivi upepo haupumziki.

Ndiyo maana kinachomfurahisha kuliko vyote ni kitundu cha maiki ya nje, kile cha milimita 3.5. Kamera nyingi za bei nafuu hazinacho. Zipo zinazokuwa nacho bila kuwa kubwa. Canon LEGRIA HF R806, iliyotoka mwaka 2017, ni mojawapo: inaenea kiganjani na bado ina mahali pa kuchomeka maiki na mahali pa hedifoni. Kwa fundi, vitundu hivyo viwili vina thamani kuliko lenzi ya kuvuta mpaka kilima cha pili, kwa sababu waya ukitoka kwenye mikisa ya kanisani na kuingia kwenye kamera, kwaya na mahubiri huja safi kama yalivyo.

Sikio hilo alilipata enzi za kanda. Kanda ndogo za MiniDV zilianza kuuzwa mwaka 1995, utepe wa upana wa milimita 6.35 tu, na saa moja ya video ilikaa ndani ya kikasha kinachoingia mfuko wa shati. Kabla yake, mwaka 1989, Sony walikuwa wamewashangaza Wajapani kwa CCD-TR55, kamera ya gramu 790 waliyoitangaza kuwa ina ukubwa wa pasipoti. Udogo huo ulikuwa na gharama yake. Mota ya kanda ilikaa karibu mno na maiki, na kamera nyingi zilijirekodi zenyewe, mvumo mwembamba chini ya kila neno. Mpiga video wa zamani alijifunza kuusikia mvumo ule na kutambua umri wa mota. Ukiwa laini na sawa, mashine ina miaka mbele yake. Ukianza kupanda na kushuka, utepe utatafunwa kwenye harusi ya mtu.

Kamera za sasa zinarekodi kwenye memori kadi na hazina mota ya kuvuma, lakini fundi hajaacha kuiweka kamera sikioni ikiwa imewashwa. Husikiliza lenzi ikijisogeza yenyewe kutafuta fokasi. Katika chumba kimya, mlio huo huingia kwenye maiki. Na lenzi isiyotulia, inayokwenda na kurudi mtu anapopita mbele yake, husikika kabla haijaonekana.

Baada ya sauti, mwanga, na hapa naona ufundi wake ukiwa wa hali ya juu kabisa. Watu wengi hupima picha nje, saa nne asubuhi, jua likiwa zuri. Saa hiyo hakuna kamera mbaya. Yeye humsimamisha mtu ndani ya nyumba, mlango ukiwa wazi nyuma yake na migomba ikimeta juani. Kamera ikiachwa ijiamulie, huuona mwanga wa mlangoni, hudhani kila kitu kinang'aa, hupunguza, na mtu hugeuka kivuli. Shela la bibi harusi hufanya hivyo hivyo. Nguo nyeupe ikijaza nusu ya picha, uso wa mwenye shela hufifia, na bwana harusi aliyevaa suti nyeusi hubaki kola na meno.

Tatizo la nyuso nyeusi mbele ya vyombo vya picha ni la zamani kuliko kamera za video. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za kusafisha picha Marekani na Ulaya zilipima rangi kwa kadi zilizoitwa za Shirley, zenye sura ya mwanamke mweupe. Yeye akitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa, na ngozi nyingine zilitoka zitokavyo. Kamera za kidijitali zimesogea mbali na hapo, ila fundi wa Munanila haziamini kwa maneno. Huwasimamisha watu wawili wenye weusi tofauti, huweka kitambaa cheupe begani mwa mmoja wao, kisha hutafuta kitu kimoja tu: je, kamera hii inaniruhusu kuongeza mwanga kwa mkono, na ikishaongezwa, mashavu ya yule mweusi zaidi yanaonyesha umbo lake au yamekuwa bapa? Kuhusu kitambaa halalamiki sana. Kikipotea mikunjo, na kipotee. Uso kwanza.

Kuna jaribio jingine ambalo sijaliona popote pengine, la turubai. Sherehe nyingi hukaa chini ya turubai, na turubai likiwa la bluu kila aliye chini yake hugeuka bluu, hata wali. Macho yetu husahau upesi, kamera haisahau. Fundi hutandika kipande cha turubai juu ya vijiti viwili uani, huweka karatasi nyeupe chini yake, na kuiagiza kamera iichukue karatasi ile kuwa ndiyo nyeupe. Ikikubali, ngozi hurudi rangi yake. Kamera isiyo na mpangilio huo, yenye alama tu za jua, wingu na taa, humtaka mpiga video awe na bahati ya turubai jeupe.

Usiku ni habari nyingine, na hapo ndipo asili ya kamera hujulikana. Sehemu ya kamera zinazofika huku zimetoka Marekani, kwenye mizigo ya ndugu. Wakimbizi wengi wa Kongo waliokaa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, tangu ilipofunguliwa mwaka 1996, wamehamishiwa huko, na wapo wenyeji wenye watoto huko pia. Kamera hizo zimetengenezwa kwa umeme wa kwao, wa mizunguko 60 kwa sekunde. Umeme wetu ni wa mizunguko 50, na taa ya tyubu juu ya umeme huo huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde, kasi ambayo jicho halioni. Kamera ya 60 ikitazama taa ya namna hiyo, kila picha hudaka kiasi tofauti cha mwanga, na ukumbi mzima huanza kupepesa. Mwenye kamera hudhani imeharibika. Fundi hutafuta mpangilio wa kasi ya shata, huuweka kwenye 1/100 au 1/50, na kupepesa hukoma au hupungua sana. Kama mpangilio haupo, humwambia mwenyewe wazi kwamba hii ni kamera ya mchana.

Lakini kijijini usiku wa sherehe mara nyingi taa huwashwa na kajenereta, hata mahali ambapo nguzo za TANESCO zimeshafika, kwa kuogopa umeme kukatika keki inapokatwa. Kajenereta hakashiki mizunguko 50 sawasawa. Muziki ukipiga besi nzito, mashine huzidiwa, mzunguko hushuka, na mistari myeusi huanza kutembea juu ya picha hata kwa kamera iliyopangwa vizuri. Fundi amejifunza kuusikia mlio wa jenereta ukilegea, na anajua sekunde hiyo hiyo nini kinatokea kwenye kadi. Kwa kamera anayoikagua, huwasha kajenereta kake, hufunga taa mbili, kisha humtuma kijana achomeke pasi ya umeme. Mlio hushuka. Naye hutazama kioo, anahesabu mistari.

Kuvuta picha, jambo linalotangazwa kuliko yote kwenye maboksi, yeye hulipitia haraka. Huvuta kwa lenzi peke yake, huzima ule uvutaji wa kompyuta unaochukua katikati ya picha na kuitanua mpaka ikaoza, na hutazama kama kamera inaweza kushikwa kwa mkono bila kutetemeka ikiwa imevuta nusu. Zaidi ya nusu, anasema, hiyo ni kazi ya stendi.

Muda wa kuamka anaujali zaidi. Kutoka kioo kufunguliwa mpaka alama nyekundu ya kurekodi kuwaka, zipite sekunde ngapi? Jambo hili lina mfano mkubwa ndani ya mkoa wetu wa Kigoma. Bill Wallauer, Mmarekani aliyekuja Tanzania kujitolea chini ya Peace Corps, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwafuata sokwe wa Gombe na kamera ya video ya mkononi, akaendelea kwa takriban miaka 15. Kabla yake Hugo van Lawick, aliyefika Gombe mwaka 1962, alikuwa amewapiga sokwe hao kwa filamu ya milimita 16, na zaidi ya saa 100 za kazi yake ndizo zilizozaa filamu iitwayo Jane mwaka 2017. Mabonde ya Gombe ni ya kupanda kwa mikono na magoti, msitu wake hubadili mwanga kila hatua, na sokwe hasubiri. Mtu akiwa na mashine nzito, au inayochelewa kuamka, atapiga mgongo wa mnyama anayeondoka. Kamera ndogo ilimpa Wallauer nafasi ya kukaa na familia za sokwe siku baada ya siku, mama na watoto wao, na hiyo nayo ni video ya nyumbani kwa maana yake kamili.

Sherehe hukaa muda mrefu kuliko kamera nyingi zilivyozoea. Simu nzuri leo inapiga picha safi kuliko kamera ndogo za bei ya kati, na fundi hakatai hilo. Ila simu hupata joto, hupigiwa, hujaa. Kamera za picha za mnato, kwa upande wao, kwa miaka mingi zilijizima zikikaribia dakika 30, kwa sababu Umoja wa Ulaya ulitoza ushuru wa juu kamera inayorekodi zaidi ya hapo, na watengenezaji wakaona bora kuziwekea kikomo. Mahubiri ya Kasulu hayajui kikomo hicho. Kamera halisi ya video huendelea mpaka kadi ijae au betri iishe, na hapo ndipo ukaguzi wa kadi unapoingia.

Madukani zimejaa kadi zinazodanganya. Imeandikwa GB 32, ndani ni 8, na ikijaa huandika juu ya yaliyotangulia bila kutoa taarifa. Fundi haipimi kwa kusoma maandishi. Huielekeza kamera ukutani kwenye saa ya mshale na kuiacha irekodi mpaka kadi ikatae. Kwa kiwango cha megabiti 17 kwa sekunde, kinachotumiwa na kamera nyingi za aina hii, GB 32 hukaa saa nne hivi. Kisha hutazama mwanzo, katikati na mwisho. Hutafuta pia mahali ambapo kamera imekata faili moja na kuanza jingine, kwa kuwa nyingi hukata kila zikifika GB 2 au 4. Mshale wa sekunde ukiruka pale kwenye kiungo, basi na neno la mtu litaruka.

Nilikuwepo alipoletewa kamera mbili kwa pamoja na mama mmoja aliyetaka kumnunulia mwanawe wa kidato cha nne, apige harusi ya dada yake na baadaye ajitafutie riziki. Moja ilikuwa mpya, ndogo, nyepesi, yenye picha kali ya kupendeza. Ya pili ilikuwa imetumika, rangi imebabuka kwenye kona, picha yake laini kidogo. Fundi alizipitisha zote kwenye debe, mlango, turubai na pasi. Jioni aliziweka kwenye runinga yake ya chogo na si kwenye kompyuta, kwa kuwa wengi watakaoitazama harusi ile wataitazama kwenye chogo au kwenye kibanda umiza. Kwenye kioo kile ukali wa ile mpya haukuonekana. Majina ya watoto wa bibi yalisikika kwenye ile iliyobabuka.

"Mama, mimi ningechukua hii kuukuu," alisema. "Ina tundu la maiki, na betri yake inabadilishwa. Hiyo pesa inayobaki mnunulie maiki ya waya na stendi."

Mama aliitazama ile mpya kwa muda, akaishika iliyobabuka.

Kwa nini anashikilia sauti hivyo? Nadhani sababu iko kwenye kazi yake nyingine. Anatunza kamera moja ya MiniDV kwa ajili ya kuchezea kanda za zamani, na watu humletea kutoka Manyovu, Heru Juu mpaka Kibondo kanda walizozihifadhi makabatini bila mashine ya kuzisoma. Kanda haiharakishwi. Ya saa moja huchukua saa moja kuhamia kwenye kompyuta, na hujaza GB 13. Wenye kanda hukaa naye wakingoja, na ameona wanachoomba kurudishiwa: rudisha pale baba anapoongea, rudisha pale mama anapomwita. Hawaombi kurudishiwa keki. Akimaliza huwakabidhi flashi mbili, moja ya kukaa nyumbani na nyingine ya kupelekwa kwa ndugu aliye mbali, na malipo huchukua ya moja.